Moja Toka, Mbili Kaa

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mama naye mzima, na lile goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi huku ni ya kumkomoa mtu. Nisamehe kwa kuchelewa. Najua simu huitaki kwa sababu kila unachoniambia kwenye simu najibu "sawa mjomba" halafu nakata, na kwamba barua humlazimisha mtu kufikiri. Basi nimefikiri mpaka mwezi umeisha.

Klabu imenipa chumba pamoja na beki wa kushoto. Ni msichana mwema, tatizo lake anaongea usingizini na kuomba pasi. Dirisha letu linatazama ua wa nyuma wa hoteli, wanapoanika mashuka, kwa hiyo kutwa nzima naona vitu vyeupe vinapepea kama tumeshinda kombe. Chakula kipo. Makipa tuko watatu. Kocha wa makipa ni mama mmoja mwenye sauti ya chini, hapigi kelele kabisa, na hilo linanitisha kuliko kelele zako zote.

Nimeshacheza mechi mbili, tumeshinda moja na kutoka sare moja. Nikwambie kitu? Tangu nina miaka kumi sikuwahi kusimama golini bila wewe nyuma ya wavu na spana yako mkononi, ukigonga mlingoti mara moja natoka kuifuata krosi, ukigonga mara mbili nabaki kwenye mstari. Hapa mlingoti uko kimya. Kona ya kwanza nilijikuta nageuka kukutafuta, nikaona ubao wa matangazo.

Msaidizi wa kocha wetu, mzee mmoja mcheshi, anastaafu mwezi wa tano. Wangebahatika kupata mtu kama wewe.

Msalimie mama. Msalimie na Cheche hapo karakana, mwambie asijiunguze.

Mpwa wako,
Gundi


21 Februari

Mpwa wangu Gundi,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako limetulia, mdomo ndio haujatulia. Ananisuta kwamba nimemfanya mwanawe awe anaishi kwa kuanguka chini. Nikamwambia, wenzake wanaanguka bure. Karakana inakwenda. Tumemaliza geti la shule, refu kuliko yote tuliyowahi kuchomelea, na mwenye shule kalikataa kwa sababu ya rangi. Cheche kajiunguza kidole siku ile ile salamu zako zilipofika, nikamwambia hiyo ndiyo faida ya kutosikia.

Sasa tuje kwenye kazi. Ukingoja kona, magoti usiyanyooshe. Kipa aliyesimama wima ni nguzo ya umeme. Mpira wa chini upande wa kushoto bado ni ugonjwa wako, usijidanganye. Glavu zioshe mwenyewe, usimpe mtu. Na huyo mama wa sauti ya chini, msikilize, lakini mtu hafundishi golini kwa kunong'ona.

Hilo la msaidizi anayestaafu nimelisoma mara mbili, nikaweka barua mfukoni, nikaitoa nikasoma tena. Sikuwa nimefikiri kwamba jambo kama hilo linaweza kuniangukia mimi. Nimekuwa mkuu wa karakana hii tangu hujazaliwa. Macho yameanza kuchoka na moto. Cheti sina, na kipa niliyemfundisha maishani ni mmoja tu, naye ni wewe, ukatosha kunivunja mgongo. Lakini kama makipa wao wangetazamwa na mtu aliyekutazama wewe miaka yote hiyo, nadhani wasingejuta.

Mimi nikijisemea nitaonekana najipigia debe. Neno lako huko lina uzito. Ongea nao, uniandikie.

Mimi mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu nyote hamjambo. Mimi mzima. Nimechelewa tena, na safari hii sina hata utani wa kujifichia. Tulikuwa safarini, halafu beki mwenzangu aliugua nikawa nauguza, halafu siku zikapita zenyewe.

Pole na geti la shule. Mwambie Cheche apige rangi nyingine juu yake, mwenye shule hatajua.

Mechi tatu zilizopita sikupangwa. Nimekaa benchi. Si majeraha, usiogope. Kocha wa makipa anasema kuna jambo anataka nilirekebishe kwanza, na tunalifanyia kazi. Si jambo la kuandika.

Kuhusu ile habari ya msaidizi, viongozi bado wanafikiri. Unajua mambo ya klabu, kila mtu ana mtu wake. Nisingependa ujipe matumaini sana. Lakini bado wanafikiri.

Msalimie mama, mwambie fulana aliyonifumia imenitosha.

Gundi


10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Huku kwema. Mama yako kasema fulana haikufumwa, ilinunuliwa, na kwamba ukianza kusahau vitu vya namna hiyo basi benchi limekuingia kichwani. Mimi nikamwambia benchi halijamuua mtu. Niliwahi kukuweka benchi mwaka mzima kwa sababu ya kiburi, ukatoka kipa.

Wala usinieleze ni nini unarekebisha, nakijua. Ni mpira wa chini upande wa kushoto. Nikifika tutaumaliza kwa wiki mbili.

Ndiyo, nikifika. Wewe ulisema nisijipe matumaini, lakini uliandika mara mbili kwamba wanafikiri, na mtu anayefikiriwa mara mbili si wa kukaa amekunja mikono. Nimezungumza na mwenye karakana. Alisikitika, akasema kama ni bahati niifuate, ila yeye hawezi kukaa bila mkuu, lazima aweke mtu. Amemweka Cheche. Nimemkabidhi funguo, na wenzangu wakaninunulia begi la safari, zuri, lina magurudumu. Kila mmoja kasema neno lake. Hata yule mpiga rangi ambaye hatuongei tangu habari ya geti alinipa mkono.

Jioni nakwenda uwanjani kujikumbusha kurusha mipira. Bega la kulia linalalamika lakini linarusha. Watoto wa mtaani wananiita Kocha, nami siwakatazi.

Basi langu ni la tarehe kumi na nne mwezi wa tano, asubuhi. Mimi si mtu wa kungoja barua ya viongozi. Waniangalie kwa macho yao, siku moja tu ya mazoezi inatosha. Kama kuna tatizo niandikie upesi. Ukikaa kimya nitajua njia ni nyeupe.

Mjomba wako


1 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo siulizi hali ya mtu yeyote. Tafadhali usije. Tiketi irudishe, na kama Cheche hajazoea hizo funguo, kamwombe mwenye karakana akurudishie nafasi yako leo hii.

Nilikuandikia kwamba viongozi bado wanafikiri. Nilikudanganya. Siku naandika maneno hayo walikuwa wameshaamua, na aliyewasaidia kuamua ni mimi.

Katibu wa klabu alinikuta kwenye korido nje ya chumba cha kubadilishia nguo, kocha wa makipa akiwa pembeni. Alikuwa amesikia kwa beki mwenzangu, maana humu chumbani nakutaja kila siku. Akaniuliza, "Nasikia una mjomba aliyekufundisha. Ni mtu wa namna gani?" Nikamjibu, "Ni fundi wa vyuma. Alikuwa ananisaidiasaidia tu." Katibu akasema ahaa, akaenda zake. Kocha alinitazama kidogo, naye akaondoka.

Maneno hayo yalinitoka upesi kama mtu anayefunga mlango kwa mguu. Nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo, na kila nikiyarudia yanakuwa mabaya zaidi.

Acha nikueleze sababu, ingawa haifuti kitu. Nilikalishwa benchi si kwa mpira wa chini. Kocha aliniita, akasema, "Krosi ikija, kabla hujatoka unainamisha kichwa. Unasikiliza nini?" Nikasema sisikilizi kitu. Akasema, "Kuna kitu unakingoja, na wakati unakingoja mpira haukungoji wewe." Mjomba, nilikuwa nangoja spana. Magoli mawili tulifungwa nimesimama pale nangoja uniambie kama nitoke au nikae. Tangu siku hiyo ananifanyisha mazoezi nikiwa na pamba masikioni, na wenzangu wananicheka, wananiita Bibi Kiziwi. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuweza. Nikaona kwamba ukija ukasimama nyuma ya goli, hata bila spana, hata ukiwa umeweka mikono mfukoni, nitarudi kukusikiliza. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kukuumiza.

Ningeweza kumwambia katibu hivyo hivyo. Angeelewa. Ningeweza kukuambia wewe mwezi wa tatu, kabla hujatoa funguo. Sikuthubutu. Nikaona ni rahisi kukufanya mtu mdogo mbele ya watu wasiokujua, halafu nikakaa nikitumaini utachoka kungoja.

Na hata maneno ya barua ya kwanza, kwamba wangebahatika kupata mtu kama wewe, niliyaandika kwa sababu barua ilikuwa imefika mwisho na nilitaka kukupa kitu kizuri cha kufungia. Sikujua utayabeba hivyo. Ilinipasa kujua.

Hii mikono yangu ni kazi yako, mimi najua, na wewe unajua. Nimeona aibu kiasi kwamba sijui nisaini vipi.

Mpwa wako


6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu, na sikustahili kulipata haraka. Mama nimempigia. Anasema upo, unakula, na hutaki kuulizwa. Anasema umerudi karakana, sasa Cheche ndiye anayekupangia kazi, na siku nyingi anakuweka kwenye kukata nondo. Aliyasema haya kwa upole, bila kujua anasema na aliyesababisha. Au anajua. Kwa mama huwezi kuwa na hakika.

Mimi nilikwenda kwa katibu. Nilimwambia kwamba nilichosema kwenye korido hakikuwa kweli, kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu, kuanzia kuvaa glavu. Alinisikiliza vizuri, akasema nafasi imeshachukuliwa na mtu mwingine, kisha akaniuliza kwa nini namweleza. Nikamwambia sijui. Nilitoka ofisini nikiwa vile vile nilivyoingia. Nilikuwa nimedhani kusema ukweli kutanipunguzia mzigo, kumbe mzigo wenyewe si wa katibu.

Nimerudi golini. Pamba nimetoa. Nusu fainali itaonyeshwa kwenye televisheni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Sikuambii ili utazame. Nakuambia kwa sababu siwezi kucheza mechi kubwa hivyo bila wewe kujua kwamba ipo.

Siombi unisamehe. Naomba unigombeze. Wewe ulikuwa unanigombeza mtaa mzima ukasikia, kwa sababu ya kamba za viatu. Kwa jambo hili utanyamaza kweli? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huku kila nikiona bahasha naziba masikio.

Mpwa wako


24 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Karakana nzima, isipokuwa mpiga rangi ambaye hatuongei tena. Nimeishika kalamu mara kadhaa nikaiweka. Wewe ulitaka kugombezwa, na mimi nilikuwa na maneno mengi sana, kila nikianza kuyaandika yananirudia.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya safari. Muda wa kurudisha tiketi ulikuwepo. Sikuirudisha. Watu walikuwa wameshaniaga, begi wameshaninunulia, ningeanzaje kutembea mtaani? Asubuhi ya tarehe kumi na nne nilitoka na begi langu, majirani wakanipungia, nikaenda stendi. Nikalitazama basi likijaa, nikalitazama likiondoka. Nikakaa kwenye benchi hapo mpaka jioni, nalinda begi lisiibwe, mtu asiyekwenda popote. Halafu nikaenda kwa mama yako, nikamwambia basi limeharibika njiani. Hakuniuliza limeharibika nini. Akaniwekea maji ya kuoga.

Kwa hiyo usijione wewe peke yako ndiye mwongo katika ukoo.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Fundi wa vyuma ni kweli, halikuniuma. "Ananisaidiasaidia" ndilo lililoniuma. Niliacha mambo mengi kwa ajili ya kukusaidiasaidia. Na Cheche bado ananiita Mkuu, akinipangia nondo za kukata anaomba radhi kwanza, na hilo ni baya kuliko kama angenifokea. Ulipaswa kuniambia mwezi wa tatu. Ningeumia, lakini ningeumia nikiwa na funguo zangu.

Hapo nimekugombeza. Sasa nikuambie na lingine.

Jumamosi ile nilikuwa kwa kinyozi. Sikwenda kutazama mechi, nilikwenda kunyoa, ingawa nilijua ana televisheni na nilijua saa. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari ilipopigwa ile kona ya kipindi cha pili, wewe unaikumbuka, ya kutoka kulia. Mkono wangu ukagonga kiti, mara moja. Toka. Sikuuamuru, uligonga wenyewe. Wewe ukabaki. Nikasema moyoni, amekwisha huyu. Kumbe mpira ulipinda ukaenda nyuma, yule mrefu wao akaupiga kichwa chini, nawe ulikuwa pale pale kwenye mstari, ukaulalia. Upande wa kushoto, chini.

Kinyozi alishangilia mpaka akakosea kunyoa. Ungenisikiliza, mngekuwa mmefungwa, na wala nisingejua kwamba kosa ni langu. Ningekukimbiza kuzunguka uwanja kama zamani, nikikuuliza kwa nini ulitoka vibaya. Tangu siku hiyo nafikiria magoli ya zamani, na yapo mengine ambayo ningependa kutoyafikiria.

Ukocha wangu kwako umeisha, hilo halina mjadala, na yule mama wa sauti ya chini ndiye aliyeona. Mpe salamu zangu. Lile la kunong'ona nalifuta. Kuhusu kukusamehe, bado. Nikisema leo nimesamehe nitakuwa nakudanganya, na uongo umeshatutosha. Lakini nipo njiani, na safari hii basi limeondoka nikiwa ndani.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mama yako aliteleza ulimi, akasema "mchumba wake". Nikamuuliza mchumba wa nani. Ikambidi aseme kwamba ni wako. Kumbe ni mwaka wa pili huu. Dada zako wanajua, majirani wanajua, Cheche anajua, mpiga rangi anajua. Nikauliza kwa nini mimi sikuambiwa. Mama yako akaniuliza, "Kwani ni lini ulimuuliza mtoto jambo ambalo si mpira?" Nilikaa pale jikoni nikihesabu miaka tangu una kumi, chai ikapoa.

Basi leo nauliza. Ni nani huyo, anafanya kazi gani, na je, anakutendea vizuri?

Mjomba wako